Mnyonyaji Alikuwa Nani?

Niliombwa kutafsiri kijitabu cha kurasa kumi na mbili kwa ajili ya vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa hapa mjini Unguja. Kazi nyepesi, nikadhani. Nikaenda vizuri mpaka ukurasa wa nne, nikakwama kwenye maneno mawili ya Kiingereza: "predatory lending". La pili halina tabu, ni kukopesha. La kwanza ndilo lililonikalisha barazani mpaka adhana ya laasiri.

Kamusi zinakupa "mbuai", zinakupa "mwindaji". Chui ni "predatory", papa ni "predatory", sawa. Lakini mkopo mbuai ni kitu gani? Msomaji atadhani una meno. Nikazunguka, nikajaribu "mikopo ya kidhalimu", "mikopo ya kinyang'anyi", mwisho nikaandika "mikopo ya kinyonyaji", nikaridhika. Lilikuwa neno nililokua nalo. Tuliokwenda skuli baada ya Mapinduzi tulilisikia redioni, gwarideni na kwenye ubao wa mwalimu.

Siku ya kuwasomea rasimu tulikaa kwenye kibaraza Mwembetanga. Nilipofika ukurasa wa nne, bibi mmoja anayeuza maandazi na barafu za mifuko akaniinulia mkono.

"Mwanangu, hiyo 'kinyonyaji' si ya kwenye hotuba hiyo? Sisi hii tunaita kausha damu."

Wenzake wakaangua kicheko. Mwengine akaongeza, "Au mikopo umiza." Nikalikata neno langu palepale, nikaandika lao. Kijitabu kikachapwa, kazi ikesha. Lakini suala halikwisha kichwani mwangu: kwa nini neno la yule bibi lilikuwa bora kuliko langu? Si kwa sababu ni la mtaani tu. Nimekuja kuamini kwamba neno langu lilikuwa na historia mbaya hapa kwetu, na kwamba historia hiyo inasomeka vizuri zaidi ukiifuata karafuu.

Kwanza hilo la Kiingereza. Asili yake ni Kilatini, "praeda", maana yake ngawira, kile wanachorudi nacho watu waliokwenda kupora. Kwa karne nyingi Waingereza walilitumia kwa maharamia, majeshi ya uporaji na wanyama wanaokula wenzao. Kulifunga kwenye mikopo ni jambo la karibuni, na lilishika zaidi Marekani katika miaka ya 1990, pale watu maskini walipokuwa wakiuziwa mikopo ya nyumba iliyopangwa kwa namna ambayo nyumba ingewatoka. Jimbo la North Carolina lilitunga sheria ya kuizuia mwaka 1999. Baada ya mtikisiko wa fedha wa 2008 neno likasambaa dunia nzima, likatufikia na sisi kwenye vijitabu vya kurasa kumi na mbili.

Watu wengi wanalitumia ovyo, kama kwamba ni namna ya Kizungu ya kusema "ghali". Siyo. Muuza duka anayekupandishia bei ya mchele siku ya mkesha wa Idi ni mlafi, na Waingereza wana maneno mengine ya kumtukania. Mkopo wenye riba kubwa nao unaweza kuwa ghali tu na usiwe "predatory". Kipimo changu, baada ya kulizungusha sana, ni hiki: mkopo unastahiki sifa hiyo pale anayekopesha anapofaidika zaidi ukishindwa kulipa kuliko ukilipa. Hapo hataki fedha zake zirudi. Anaitaka nyumba, au shamba, au cherehani. Amekaa kama papa anavyokaa, anasubiri uchoke kuogelea.

Na tazama linavyokaa kwenye sentensi. Ni sifa ya mkopo. Halisemi lolote kuhusu kabila la mkopeshaji, dini yake, wala ngozi yake. Unausoma mkataba, unaamua.

Kiswahili kina vivumishi vichache vya kuzaliwa navyo. Vyengine tunavijenga: tunamchukua mtu, tunamvisha "ki-", tunasema "kinyonyaji", yaani kwa mtindo wa mnyonyaji. Maana yake ili uujue mkopo wa kinyonyaji lazima kwanza umjue mnyonyaji. Mtu anatangulia, mkataba unafuata. Kunyonya kwenyewe, katika maana yake ya asili, ni jambo la heri kabisa, ni la mtoto na mama yake. Siasa ndiyo iliyotuletea kupe, mirija na wanyonyaji, khasa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Na hapa Unguja tulipouliza mnyonyaji ni nani, jibu lilikuwa limeshaandaliwa zamani. Turudi nyuma.

Karne ya 19, mikarafuu ilipoenea Unguja na Pemba, mwenye shamba alikuwa tajiri wa miti na maskini wa fedha. Mkarafuu unakaa miaka sita, saba, kabla haujaanza kuzaa vya kutosha, na ukishaanza hauzai sawa kila mwaka: msimu mmoja unajaza majamvi, unaofuata unakupa kiganja. Mwenye shamba anahitaji kula katikati. Mji Mkongwe ulikuwa na wafanyabiashara wa Kihindi, Mabaniani na Makhoja na Mabohora, wenye mtaji uliounganishwa na Bombay. Walikopesha kila mtu. Walikopesha misafara ya bara, walikopesha wenye mashamba, walikopesha mpaka ikulu. Forodha ya Unguja ilikodishwa miaka mingi kwa nyumba ya Jairam Shivji, na masultani wenyewe wakawa wadaiwa wake. Baadaye Tharia Topan akashika nafasi hiyo. Ukisimama leo bandarini ukalitazama lile jengo lake lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, unatazama pia faida ya mikopo.

Lakini Uislamu umeharamisha riba, na wadaiwa walikuwa Waislamu. Hapo ndipo inapoingia bei ya khiyari. Tuseme Bwana fulani wa Mwera anataka riale elfu. Hakopi. "Anauza" shamba lake kwa riale elfu, kwa sharti kwamba akizirudisha katika muda waliokubaliana shamba linamrudia. Kisha, siku hiyohiyo, "anapanga" katika shamba alilouza, anaendelea kuishi pale na kulipa kodi kila mwaka. Hiyo kodi ni nini? Kila mtu alijua ni nini. Haikuitwa jina lake tu. Muda ukipita hana elfu, shamba limekwenda, tena kwa thamani ya mkopo, ambayo mara nyingi ilikuwa chini ya thamani ya miti iliyosimama juu yake.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana hapa ndipo ningependa mtu atumie kile kivumishi cha Kiingereza. Baadhi ya mikataba hii ilikuwa mikopo ya kawaida iliyovaa kanzu: mkopeshaji aliridhika na kodi yake, muda ukasogezwa na kusogezwa, watu wakazeeka wakidaiana na kualikana harusi. Mwengine hakushughulika na shamba kabisa, Bohora wa Kiponda atalifanyia nini konde la mikarafuu Mangapwani? Alitaka karafuu zije dukani kwake. Na baadhi ilikuwa mitego kamili, iliyosubiri siku ya mwisho ifike. Karatasi ni ileile, na maneno ya kisheria ni yaleyale. Tofauti iko kwenye bei iliyoandikwa, muda uliotolewa na nani anafaidika siku hiyo ya mwisho. Ni kazi ya kusoma mkataba mmoja mmoja, na kazi hiyo karibu hakuna aliyetaka kuifanya.

Madeni yakaongezeka. Tufani ya 1872 iliing'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote, Pemba ikasalimika, na waliopanda upya walipanda kwa mkopo. Mwaka 1897 utumwa ukafutwa kisheria, na wenye mashamba, ambao mpaka hapo walichumiwa na watu waliowamiliki, sasa wakapaswa kuwalipa wachumaji kwa pishi, fedha mkononi, kabla karafuu haijakauka wala kuuzwa. Juu ya hayo serikali, chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890, ilikuwa ikichukua ushuru mzito wa karafuu, ambao kwa miaka mingi ulikuwa robo nzima. Hakuna aliyeuita ushuru huo jina baya. Ulikuwa ushuru tu.

Bei ya dunia ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1930, mambo yakapasuka. Sir Alan Pim aliletwa kuchunguza hali ya fedha ya nchi, akatoa ripoti 1932. Mwaka uliofuata Bartlett na Last wakachunguza madeni ya wakulima. Mwaka 1934, chini ya Balozi Mkaazi Richard Rankine, zikatoka dikrii kadhaa kwa mkupuo: kuzuia ardhi ya kilimo ya Waarabu na Waafrika isihamishiwe kwa wengine bila idhini, kuwabana wakopeshaji, na kukipa nguvu mpya Chama cha Wakulima wa Karafuu, CGA, kilichoundwa 1927. Madai ya madeni ya mashamba yakasimamishwa kwa muda.

Nia haikuwa mbaya yote. Watu walikuwa kweli wakipoteza mashamba. Lakini angalia dikrii ile ya ardhi ilivyochora mstari. Haikuuliza mkataba huu una nini ndani yake. Iliuliza mkopeshaji ni wa taifa gani. Wahindi wakapiga kelele, na Serikali ya India ikamtuma K. P. S. Menon aje kutazama, naye akaziona sheria zile kuwa pigo kwa jamii nzima ya Wahindi wa hapa, wakiwemo ambao hawajawahi kukopesha hata kishumundu. Na wao walikuwa na hoja moja ambayo mpaka leo sijasikia jibu lake zuri: kama mikopo yetu ni sumu, mbona serikali hii, miaka yote hii ya kuchukua ushuru, haikuwafungulia wakulima mahala pengine pa kukopa?

Mwaka 1937 CGA ikapewa ukiritimba wa ununuzi wa karafuu. Hapo wafanyabiashara wakagoma. Mgomo ulivuka bahari: Indian National Congress ikaunga mkono, na India, mmoja wa wanunuzi wetu wakubwa kabisa, ikakataa karafuu ya Zanzibar. Magunia yakalala ghalani. Mwaka 1938 ikabidi yafanyike maafikiano, CGA ikalegeza ukiritimba wake, wafanyabiashara wakakubali kununua sehemu ya karafuu zao kutoka kwake, maisha yakaendelea.

Sasa tumtafute mnyonywaji wa 1934. Ni mwenye shamba. Ndiye ambaye ripoti zote zinamlilia. Mchumaji anayepanda mkarafuu kwa kamba, anayekaa usiku na familia yake kukonyoa, anayelipwa kwa pishi ambalo halikushikwa na yeye, huyo katika mjadala mzima ni gharama. Mkaazi wa shamba, aliyeruhusiwa kupanda muhogo na ndizi chini ya mikarafuu ya mtu, akipalilia na kukaa kimya, naye haonekani.

Ruka miaka 30. Katika miaka ya mwisho ya 1950 wakaazi wa mashamba wanafukuzwa kwa sababu za vyama, Afro-Shirazi na Hizbu. Tarehe 12 Januari 1964 yanatokea Mapinduzi. Mwezi Machi ardhi yote inafanywa mali ya serikali, na baadaye watu wanagaiwa eka tatu tatu. Na mwenye shamba? Yule mnyonywaji wa 1934 sasa ni kabaila, mnyonyaji namba moja. Pengine ni mtu yuleyule, au mwanawe, mwenye miti ileile, na pengine na deni lilelile halijalipwa. Neno limegeuka kumtazama yeye.

Sisemi kwamba ukabaila haukuwepo. Ulikuwepo, na eka tatu ziliwapa watu kitu ambacho babu zao hawakuwahi kukipata. Ninachosema ni kwamba neno linalomtaja mtu badala ya kitendo halibaki kwenye kitendo. Lilipotamkwa mwaka ule halikupita shamba kwa shamba likiuliza nani alimfanyia nani nini. Waliuawa wenye mashamba makubwa na waliuawa wauza kahawa wa Kimanga wasiokuwa na mti hata mmoja. Walikimbia wakopeshaji na walikimbia washonaji. Ukienda leo Maskati au Dubai, utawakuta wazee wanaozungumza Kiswahili cha Unguja safi, na wengine kati yao walikuwa mafukara kabla na baada.

Halafu ikaja sehemu ambayo kizazi changu hatuipendi kuizungumza. Mnyonyaji ameondoka, mnunuzi wa karafuu amebaki mmoja: serikali, kupitia shirika lake la biashara, ZSTC. Mkulima wa eka tatu alitakiwa kuuza hapo na hapo tu, kwa bei iliyopangwa, na bei hiyo kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ndogo ya ile iliyolipwa nje. Ni kweli fedha zile zilifanya kazi zinazoonekana: matibabu ya bure, skuli za bure, magorofa ya Michenzani, televisheni ya rangi kabla ya wengi katika Afrika. Mimi mwenyewe ni mtoto wa fedha zile, na nilizichumia pia, kwenye kambi ya wanafunzi Pemba, tukiimba juu ya miti. Lakini hebu fikiria mkulima wa Pemba anayeamka usiku wa manane kuipakia karafuu yake mwenyewe kwenye ngalawa, aende kuiuza Mombasa kwa kujificha, akijua akikamatwa ni jela. Yeye aliuitaje uhusiano ule? Kamusi rasmi ilimwambia unyonyaji umekwisha, kwa hivyo jina hakuwa nalo. Iliitwa magendo, na mkosa alikuwa yeye. Ilibidi tufike miaka ya 2010, wakati wa Rais Shein, ndipo serikali ikatangaza kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Hesabu ya miaka iliyotangulia aifanye mwenye moyo wa kuifanya.

Kwa nini hatukuweza kuliona? Jibu langu, na wengine watapinga: kwa sababu tuliambiwa mnyonyaji ana sura. Aliyekuja baadaye hakuwa na sura hiyo, alikuwa na sura yetu.

Basi ndiyo nikirudi kwenye "kausha damu" naona walichofanya watu bila ya kukaa kamati yoyote. Neno limekuja na mikopo midogo ya mitaani, ambayo Tanzania nzima inaijua. Unachukua laki mbili, unalipa kila wiki au kila siku. Dhamana ni kadi yako ya benki na namba yake ya siri, au friji, au godoro. Siku hizi iko na kwenye simu: unapakua programu, unaipa ruhusa ya kusoma majina yote uliyoyahifadhi, na ukichelewa siku mbili, shemeji yako na mwalimu wa madrasa wanapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya namna hiyo yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Nani yuko nyuma ya programu hizo? Mkopaji hajui, hana sura ya kuichukia. Na labda ndiyo sababu neno likatua mahala pake. "Kausha damu" haikumtaja mkopeshaji. Imetaja mkopo na kile unachomfanyia mwili wa mkopaji.

Lina kasoro yake. Linatumika kwa kila mkopo unaouma, hata ule wa haki uliokopwa na mtu asiye na hesabu. Nilimwambia hivyo yule bibi wa maandazi siku niliyompelekea nakala yake ya kijitabu. Nilimkuta ameketi karibu na friza lake la barafu, akikunja mifuko.

"Mimi kausha damu nimechukua mara mbili," akaniambia. "Ya kwanza ndiyo iliyonipa hili friza. Nilikonda lakini nililipa, na yule kijana alikuwa akija hapa ananikumbusha, siku nyengine ananunua andazi."

"Na ya pili?"

Akanyamaza, akakunja mfuko mmoja, akakunja mwengine.

"Wa pili hakuwahi kunikumbusha. Kila akija alikuwa akiuliza friza bado linagandisha vizuri."